Mkono wa Nani kwenye Boneti

Kufungua boneti ya gari ni kazi ya dakika moja. Unasimamisha gari mahali tambarare, unazima injini, unavuta hendibreki, unavuta kishikizo kilicho chini ya usukani, kisha unapitisha vidole chini ya ukingo wa mbele kutafuta ndoano ya pili. Unanyanyua, unasimika fimbo, basi. Kufunga nako kunataka utulivu kidogo tu: fimbo irudi mahali pake, boneti ishushwe hadi ibaki shibiri moja hivi, iachiwe ianguke kwa uzito wake, halafu ijaribiwe kwa kuinuliwa ili ijulikane kama imeshika. Hakuna hapo kinachodai cheti. Hata hivyo, katika nchi inayoanzia mbuga za Shinyanga hadi vilima vya Geita, kazi hii ndogo imekuwa, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, haki ya baadhi ya watu na mwiko kwa wengine, na haki hiyo imehama kila umiliki wa magari ulipohama. Ninachodai ni kwamba mazoea ya kukagua gari katika ukanda huu hayakuletwa na elimu ya madereva wala hayakuondolewa na ujinga wao, ingawa hivyo ndivyo inavyosemwa barazani na hata kwenye semina. Yamefuata swali moja: injini ikifa, nani atakayelia?

Magari yalifika Usukuma yakifuata pamba na reli. Njia ya reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, malori yalipata kazi ya maana ya kukusanya pamba vijijini na kuipeleka kwenye vinu vya kuchambulia na stesheni. Magari ya enzi ile hayakuwa na boneti tunayoijua. Ford Model T, iliyoundwa kati ya mwaka 1908 na 1927 na kuuzwa karibu kila pembe ya dunia, ilikuwa na kifuniko cha bati chenye bawaba katikati, kilichofunguka upande mmoja mmoja. Kifuniko cha namna hiyo hakiwezi kuinuliwa na upepo kikaziba kioo cha mbele, kwa hiyo hakikuhitaji ndoano ya pili. Wala oili ya gari hilo haikupimwa kwa kufungua boneti. Mtu alijilaza chini ya gari na kufungua vibomba viwili vidogo kwenye chombo cha oili: cha juu kikitoa, oili imetosha, cha chini kikiwa kikavu, asithubutu kuwasha. Hatari kubwa ilikuwa kwenye hendo ya kuwashia, ambayo ikirudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono. Gari la aina hiyo halikumruhusu dereva awe dereva tu. Asiyejua kusafisha plagi na kuongeza maji hakufika alikokwenda, na mara nyingi mwenye gari na dereva walikuwa mtu yule yule, au walisafiri pamoja.

Utengano ulianza migodini. Mgodi wa zamani wa Geita ulizalisha dhahabu kuanzia mwaka 1936 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na ulikuwa upande wa pili wa Ghuba ya Smith, ambako kila pipa la mafuta na kila springi ilibidi ivuke maji au izunguke mbali. Mwadui ilifuata. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, na baada ya muda ukachipuka mji mzima ndani ya uzio, wenye bwawa lake la Songwa, hospitali, shule, uwanja wa ndege, umeme na karakana. Migodi iliyo mbali kiasi hicho na bandari haina hiari: inajitengenezea au inasimama. Lakini karakana ya kampuni ilikuja na mpangilio wake. Gari lilikuwa la kampuni, injini ilikuwa ya karakana, na dereva alikabidhiwa usukani peke yake. Ngazi ya kazi katika Tanganyika ya kikoloni ilijulikana: Mzungu msimamizi, fundi Mhindi au Singasinga, Mwafrika msaidizi wa kushika taa na kuosha vyuma. Dereva aliyefungua boneti bila kuagizwa aliingilia kazi ya mtu mwingine, na kama gari lingeharibika baadaye, swali la kwanza lingekuwa ni nani aliyeligusa. Busara ya dereva wa kampuni ikawa kutogusa. Alipoona kipimo cha joto kimepanda, aliripoti. Nidhamu hiyo ilitunza injini vizuri, kwa sababu aliyeumia ikifa ndiye aliyekuwa na mafundi na stoo ya vipuri. Upungufu wake haukuonekana hadi miaka mingi baadaye, pale watu waliokua ndani ya utaratibu huo walipokabidhiwa magari yasiyo na karakana nyuma yao.

Williamson alikufa mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukawa wa De Beers na serikali, nusu kwa nusu. Nje ya uzio, wakulima wa pamba walikuwa wameshaanzisha, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani ndiye jina lake kubwa, na ambalo katika miaka michache lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wakulima wakawa na vinu vyao vya kuchambulia. Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Kama mwenye hasara ndiye mwenye kutunza, basi mali ya wakulima wenyewe ilipaswa kutunzwa kuliko mali ya mgeni. Mbona gari la ushirika na gari la shirika la umma, lile lenye namba ya SU, yaliingia katika masimulizi ya nchi nzima kama mfano wa gari lisilo na mwenyewe? Jibu liko katika umbali kati ya mwenye mali na boneti. Mkulima alimiliki sehemu yake kupitia chama cha msingi, chama cha msingi kupitia muungano, na muungano kupitia ofisi. Hasara ya injini moja ilipofika kwake ilikuwa imegawanywa mara maelfu, ikaonekana, kama ilionekana, katika bei ya kilo ya pamba. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika na shughuli za pamba zikahamia kwa Mamlaka ya Pamba, na mkulima akakosa hata kile kiti cha mkutano mkuu alichokuwa akikikalia. Vyama vikuu vilirudi kwa sheria ya mwaka 1982, na SHIRECU ikaanza Shinyanga mwaka 1984, lakini kufikia wakati huo magari yenyewe yalikuwa hoi kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo ilikuwa uhaba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita ya Kagera ikaanza mwaka 1978, fedha za kigeni zikaisha, na kipuri cha gari kikawa kitu cha kibali. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana. Mtu mwenye Land Rover au Bedford katika Shinyanga ya mwaka 1981 hakuwa na duka la kukimbilia, na kama angepata mkanda wa feni kwa njia ya panya, mwaka 1983 ungeweza kumweka matatani katika msako wa wahujumu uchumi. Hapo boneti ikafunguka kwa kila mtu. Dereva, utingo, mwenye gari na mtoto wa mwenye gari wote walijua rangi ya oili iliyochoka na harufu ya klachi inayoungua. Tangi la mafuta lililotoboka lilizibwa kwa sabuni ya mche. Kichujio cha hewa, ambacho vumbi la barabara za Usukuma hukijaza upesi, kilioshwa kwa petroli na kurudishwa, mara ya pili, mara ya tano. Ukaguzi wa asubuhi ukawa desturi ya kila mtu kwa sababu kila mtu alijua kwamba injini ile haina mrithi.

Ingekuwa rahisi kuisifu enzi hiyo na kupita. Wazee wa magari huisifu. Lakini tofautisha vitu viwili: kutunza injini na kutunza mkono unaoingia kwenye injini. Katika jambo la pili miaka ile ilikuwa mibaya. Boneti inayofunguka kutokea mbele, yenye bawaba karibu na kioo, ilikuwa imeenea duniani tangu miaka ya 1930 na 1940, na hatari yake ilijulikana: ikifyatuka gari likiwa mwendoni, upepo huibamiza kwenye kioo na dereva haoni kitu. Ndiyo maana kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1969 ilidai boneti ya namna hiyo iwe na hatua ya pili ya kushika. Katika nchi isiyo na vipuri, ndoano hiyo ilipovunjika haikurudishwa. Boneti ilifungwa kwa waya au kwa utepe wa mpira wa tairi. Fimbo ya kushikilia ilipopotea, utingo alishika boneti kwa mikono, au kikasimikwa kipande cha mti. Boneti ya Land Rover iliyobeba tairi ya akiba juu yake, na nyingi zilibeba, ni mzigo ambao ukimponyoka mtu hauchagui pa kuangukia. Rejeta nayo ilikuwa imebadilika. Zile za zamani hazikuwa na shinikizo, na dereva alizizoea kuzifungua na kuongeza maji zikiwa za moto. Mfuniko wa kisasa hubana mvuke ili maji yaweze kupita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka, jambo lenye manufaa hasa Shinyanga, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya sufuriani huchemka yakiwa hata hayajafika nyuzi 97. Ukiufungua mfuniko huo injini ikiwa ya moto, shinikizo linatoka mara moja na maji yanageuka mvuke usoni mwako. Desturi iliyokuwa salama kwa gari la baba ikaunguza watu kwenye gari la mwana. Kwa hiyo hoja yangu inahitaji kurekebishwa: mwenye hasara hutunza kile ambacho hasara yake inahesabiwa. Injini ilikuwa na bei. Mkono wa utingo haukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984 na milango ikapanuliwa zaidi wakati wa Rais Mwinyi, mambo mawili yaliingia ukanda huu kwa pamoja, dhahabu ya wachimbaji wadogo na magari yaliyotumika. Dhahabu inatupa ushahidi ulio bora kuliko wote dhidi ya wanaosema tatizo ni elimu. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na machimbo mengine ya Geita yaliingia makarasha, mashine za kusaga mawe zinazozungushwa na injini za dizeli. Injini ya karasha haina boneti. Iko wazi, imefungwa kwenye zege au mbao, na mkanda wake unazunguka mbele ya macho ya kila mtu. Anayeihudumia mara nyingi ni kijana aliyefika darasa la saba, naye hupima oili kabla ya kupiga hendo, husikiliza mlio, hujua lini apunguze mzigo. Hakufundishwa na chuo chochote. Karasha likisimama, mawe ya watu yanabaki hayajasagwa, wenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wanahamia karasha la jirani, na yeye, ambaye malipo yake hutegemea usagaji, anarudi nyumbani mikono mitupu siku hiyo hiyo. Kijana huyo huyo akipewa gari la mtu kesho, huenda asifungue boneti wiki nzima. Ujuzi wake hautakuwa umepungua njiani.

Atakayepinga ataleta mfano wa migodi mikubwa, ambako mambo yalibadilishwa kwa mafunzo na kanuni. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilifungua mlango, Geita ikaanza upya uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi karibu na mji wa Kahama mwaka 2009. Migodi hii ilileta kitu ambacho karakana ya zamani ya Mwadui haikukijua, ukaguzi wa kabla ya kuwasha, unaofanywa na dereva mwenyewe kila zamu na kuandikwa kwenye fomu. Dereva wa Land Cruiser yenye bendera ndefu anaweka kizuizi kwenye tairi, anafungua boneti, anapima oili na maji, anasaini. Fundi anayeingia kwenye mtambo anafunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unabaki mfukoni mwake hadi atoke, ili asitokee mtu wa kuwasha mashine iliyo na binadamu ndani. Mafunzo yapo, ni kweli, na ni mazuri; mpango wa mafunzo ya ufundi wa migodi katika chuo cha VETA Moshi umetoa mafundi wanaoheshimika. Lakini kwa nini kampuni zilijali mkono, wakati wakoloni na mashirika ya umma hawakuujali hivyo? Kwa sababu katika biashara ya madini ya karne hii jeraha lina bei. Linasimamisha kazi, linaleta mkaguzi, linaandikwa katika taarifa ya mwaka inayosomwa na wanahisa Johannesburg au Toronto. Mkono uliingia kwenye hesabu, na fomu ikafuata. Dereva huyo huyo akitoka getini jioni na kupanda gari lake dogo kwenda Katoro au Nyankumbu, fomu haimfuati. Linalomfuata ni swali la gari hilo ni la nani.

Magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo yaliyobadilisha zaidi maisha ya wengi, nayo yalikuja na umbo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Katika Hiace, na katika Noah za mwanzo zilizojaa njia za Shinyanga, Kahama na Geita, injini haiko chini ya boneti. Iko chini ya viti vya mbele. Kifuniko kidogo cha mbele kina vitu vichache tu. Ili kufika kwenye injini, abiria wa mbele washuke, kiti kiinuliwe, zulia liondolewe. Yupo atakayesema hili peke yake linatosha kueleza uvivu wa ukaguzi: nani atamshusha mama mwenye mtoto mgongoni na debe la mahindi miguuni eti apime oili? Umbo lina mchango wake, sikatai. Lakini michomoko, zile Probox na magari madogo mengine yanayobeba watu kupita kiasi kati ya miji hii, yana boneti ya kawaida kabisa mbele, yenye kishikizo, ndoano na fimbo yake, na mazoea hayatofautiani sana. Kinachoyaunganisha magari haya ni hesabu. Tajiri anakabidhi gari asubuhi, suka, dereva wake, anarudisha kiasi kilichokubaliwa jioni, kinachozidi ni chake. Oili ikipungua katikati ya siku, kuiongeza kunatoka kwenye kile kinachozidi. Injini ikifa baada ya miezi sita, hasara ni ya tajiri. Kila mmoja anafanya hesabu sahihi kwa upande wake, na boneti inabaki imefungwa. Matajiri wengi wameitambua mantiki hiyo, ndiyo maana wapo wanaomkataza dereva asiguse injini kabisa, kila kitu kipelekwe kwa fundi wao, na hivyo gereji bubu ya chini ya mwembe imerithi mamlaka iliyokuwa ya karakana ya Mwadui, bila stoo yake. Serikali yenyewe haiko mbali na mpango huo: magari yake hutengenezwa na TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005.

Ushahidi wa mwisho umekuja na pikipiki na bajaji, mashine ambazo hazina boneti ya kuzungumzia, lakini zinaonyesha wazi kile ambacho gari hukificha. Katika miji yote ya ukanda huu kuna namna mbili za kumpa kijana pikipiki. Ya hesabu ni ile ile ya Hiace. Ya mkataba ni tofauti: kijana anapeleka fedha kila siku au kila wiki kwa kipindi kilichoandikwa, na kipindi kikiisha pikipiki inakuwa yake. Mafundi wa pikipiki humtambua wa mkataba bila kuuliza. Anabadilisha oili kwa tarehe, analainisha mnyororo, anabisha kuhusu ubora wa kipuri badala ya kuuliza kilicho rahisi. Ila kuna jambo linaloivuruga picha hii, nami siwezi kulifumbia macho. Kijana wa mkataba hukimbiza siku. Anataka kumaliza deni mapema, kwa hiyo hulala saa chache, hupakia watatu, huingia barabarani usiku. Mashine ambayo itakuwa yake anaitunza kama yai. Mwili wake, ambao ni wake tayari, hakuna mkataba uliouandika.